Chumvi Imetosha

Sikuwa na cheti cha shule ya mchana. Sikuwa na dari juu ya meza zangu, ila bati tupu lililolia kila jua lilipopanda, wala sikuwa na feni iliyokubali kuzunguka baada ya saa sita. Sikuwa na mtoto wa kiume. Sikuwa na meno mawili ya mbele, kwa hiyo nilijizoeza kucheka nimefumba mdomo, na wasionijua wakanidhania mpole. Subira sikuwa nayo tangu kuzaliwa. Sikuwa na kopo la chumvi hata moja mezani, lakini hilo halikuwa pungufu. Hilo lilikuwa jina langu mjini. Na tangu siku tuliyomzika mke wangu, sikuwa na ulimi.

Wa kusemea nilikuwa nao, tena mrefu. Uliokufa ni wa kuonjea.

Niseme kwanza mahali penyewe. Watu walipaita hoteli, ingawa hakuna aliyewahi kulala pale isipokuwa paka. Palikuwa nyuma ya mahakama, ukuta kwa ukuta, hata mshtakiwa akikohoa kizimbani sisi tulimsikia. Meza zilikuwa za mbao ngumu, zimesuguliwa kwa majivu na ndimu mpaka zikawa nyeupe kama mifupa. Mbele kulikuwa na veranda ya wanywaji chai, ndani walaji, na nyuma, baada ya mlango usio na ubao, jiko. Mchana joto la jikoni lilitoka kwenda kukutana na joto la barabarani, na wateja waliketi katikati ya hayo mawili wakijipepea na hati za kesi zao. Ukikaa na watu wa mahakamani kwa muda mrefu unajifunza kuwasoma kwa sahani. Aliyeahirishiwa kesi alikula kama mtu aliyetoka kulima. Aliyengoja hukumu aliagiza chai, akaitazama mpaka ikaota utando.

Mimi nilipika, mke wangu alionja. Ndivyo tulivyogawana kazi tangu tulipoanza kuuza chai kwa birika moja. Aliketi kwenye kigoda chake pale kizingitini, nusu jikoni nusu kwa wateja, akichambua maharage au akimenya vitunguu, sikio moja kwangu na jingine kwenye umbea wa veranda. Mchuzi ukikaribia, nilimdondoshea tone nyuma ya kiganja. Alilipuliza, akalilamba, akatazama ukutani kama mtu anayekumbuka jina. Kisha alichukua upawa akagonga ukingo wa sufuria. Mara mbili: bado, ongeza. Mara moja: tosha. Hakusema neno. Mwanamke yule alikuwa na maneno kwa kila kitu chini ya jua, kuanzia nyanya zilizooza hadi mwendo wa wake za mahakimu, lakini kwa chumvi alikuwa bubu. Nami niliyebishana na kila mtu, na upawa ule sikuwahi kubishana.

Wateja waliujua mlio wake. Ukisikika mmoja tu, mabenchi yalisogea. Karani wa mahakama, mtu mnene mwenye sauti iliyozoea kuita majina ya watu kwa ukali, aliinua kidole akatangaza: "Hukumu imesomwa! Mshtakiwa aletwe, na wali wake!"

Maandishi ya ukutani niliyaandika mwenyewe. Nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima mwenye mke na mtoto, katika madarasa ya jioni, magoti yangu yamekwama chini ya madawati ya watoto. Mwalimu wetu alikuwa mdogo kwetu sote kwa umri, akatuita "vijana wangu", nasi tukaitika. Siku nilipoweza kuandika jambo ambalo halikutoka ubaoni, nilitafuta kopo la rangi ya buluu nikaandika juu ya dirisha, kwa herufi kubwa kama viatu: CHUMVI IMETOSHA. Mke wangu alisimama mikono kiunoni.

"Wenzako wanaandika majina yao," alisema.

"Hilo ndilo jina langu."

"Lako?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Sikumuuliza anacheka nini. Nilikuwa nimeshughulika kutazama kama mistari imenyooka.

Hakuugua muda mrefu. Aliondoka katika majira yale ambayo hata usiku bati halipoi. Kaburini nilisubiri kulia. Nilisimama kama mtu aliyehisi chafya inakuja, akainua uso, akafungua kinywa, nayo isije. Nilitazama viatu vya watu. Mpaka leo ninavikumbuka viatu vile kuliko nyuso. Tuliporudi nyumbani binti yangu alinipa kikombe cha chai, nikanywa. Ilikuwa ya moto, ilikuwa majimaji, basi. Nikadhani wamesahau sukari. Nikadhani labda wamesahau na majani. Nikanyamaza, maana siku ya msiba mtu halalamikii chai.

Siku zilizofuata nilijipima, kimyakimya, jikoni kwangu. Ndimu haikunikunja uso. Pilipili ilinichoma midomo, lakini ilikuwa kuchoma tu, kama vile midomo ni ya mtu mwingine na mimi nimesimuliwa. Nilienda zahanati. Daktari akanimulika kinywani kwa tochi, akaniambia niseme "aa".

"Ulimi mzima kabisa, mzee," alisema. "Labda ni huzuni."

"Huzuni sina."

Sikumdanganya. Nilikuwa nimejipekua ndani nisione kitu: si huzuni, si hasira, si njaa. Palikuwa kama chumba ambacho wapangaji wamehama, wakakifagia vizuri, wakaacha ufunguo mlangoni.

Binti yangu, mtoto wetu wa pekee, alikuwa na kibanda chake cha vinywaji katika mji mwingine: viti vya plastiki, juisi za rangi rangi, soda zimelala kwenye barafu, muziki kuanzia asubuhi. Nilikitembelea mara moja nikasema ni pazuri kwa vijana, naye akaelewa nilichomaanisha. Baada ya mazishi alibaki ili anisaidie kufungua.

Siku ya kufungua nilipika kwa mkono, maana mkono nao una kumbukumbu yake. Nikatia chumvi kama mkono ulivyotaka. Nikaonja: ilikuwa kama kutafuna kitambaa kilichochovywa maji ya moto. Nikakitazama kigoda. Kisha nikachukua upawa nikagonga mwenyewe, mara moja.

Mabenchi yakasogea. Karani hakutangaza kitu siku ile. Alivua kofia tu.

Binti yangu aliingia jikoni na kijiko mkononi. "Baba," alisema kwa sauti ya chini, "haina chumvi."

"Imetosha."

"Umeonja?"

"Hukusikia nilivyogonga?"

Alinitazama kama mama yake alivyokuwa akitazama ukuta. Kesho yake alirudi kutoka sokoni na vikopo vya chumvi vya plastiki, vyeupe, vyenye vifuniko vyekundu, akaweka kimoja kila meza, chini kabisa ya maandishi yangu. Nilipotoka nikaviona sikukasirika; hasira yenyewe ningeitoa wapi? Nilifanya tu kama mtu mwenye hasira anavyofanya. Nilivikusanya kifuani mbele ya watu wote, nikasema, "Hapa si kwenye viti vya plastiki. Anayetaka kujitilia chumvi akale kwake."

Alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kigoda cha mama yake.

"Mama akikwambia bado, unaongeza," alisema. "Mimi nikikwambia bado, unanifukuza."

"Sijamfukuza mtu."

"Haya, Baba. Ubaki salama."

Akaondoka na gari la alasiri. Vikopo nikavifungia kabatini, nyuma ya vikombe vya wageni.

Miezi iliyofuata haina masimulizi mengi, kwa kuwa haikuniachia kitu mkononi. Niliamka, niliwasha moto, nilipika, niligonga, nilioga, nililala. Ladha ikiondoka huondoka na wengine ambao hukujua kuwa ni ndugu zake. Wimbo ukawa kelele tu. Mvua ikawa maji. Mtu akinisimulia kichekesho, nilingoja afike mwisho ili nifumbe mdomo na kutikisa mabega, kwa heshima yake. Binti yangu alipiga simu mara moja moja. Huko joto? Joto. Na huku? Joto, mwanangu. Haya, Baba. Haya. Tukakata, kila mmoja amebaki na joto lake.

Lakini wateja hawakupungua, na hilo ndilo lililonisimamisha. Sahani zilirudi jikoni tupu, zimepanguswa. Nikajiambia: ulimi umekufa, ila mkono uko hai. Nikaanza hata kujivuna kidogo, kujiona kama fundi anayeweza kutunga uzi gizani. Kama jina la nyumba yangu lingeweza kusimama kwa mkono peke yake, basi sikuwa na haja ya kumwambia mtu yeyote kilichonipata. Na kama halingeweza kusimama, basi hakukuwa na kilichobaki kwangu cha kuitwa changu. Ndivyo nilivyoliona jambo.

Kwa kweli dalili zilikuwepo. Siku nyingine majagi ya maji yaliisha upesi mno, mhudumu akawa anakimbia bombani na kurudi. Nikalaumu joto. Katika mji ule joto lilibebeshwa makosa ya kila mtu. Hata kizimbani watu walilitaja katika utetezi wao. Mvua ziliponyesha na majagi yakazidi kuisha, nilisema joto la wakati wa mvua ndilo baya zaidi. Niliona pia vijikaratasi chini ya meza, vimekunjwa vidogovidogo kama vya dawa ya unga, na punje nyeupe kwenye mikunjo. Sikushangaa. Watu wenye kesi huumwa vichwa. Nilifagia.

Redio alikuwa mhudumu wangu. Mtu mzima, mwenye wajukuu, na jina lile alilipata kwa haki: hakuwa na kitufe cha kuzimia. Alijua nani kaoa, nani kaachwa, hakimu yupi analala kortini macho wazi, na aliyatangaza hayo yote amebeba sahani nne kwenye mkono mmoja. Mke wangu alikuwa akisema, ukitaka jambo lifike sokoni kabla ya mboga, mwambie Redio kuwa ni siri.

Siku yenyewe ilikuwa ya kesi za ardhi, na siku hizo nyumba hujaa. Nilikuwa nimeshagonga, wali umeshaanza kutoka. Meza ya katikati aliketi mama mmoja mgeni, wa makamo, amepakata mkoba mkubwa kama mtu aliyepakata mtoto. Kandambili yake ya kushoto ilikuwa imeshonwa kwa waya. Alikula kijiko cha kwanza, akatulia. Akala cha pili. Akatazama meza yake, akatazama meza ya jirani, kisha akainua macho akasoma maandishi yangu taratibu, midomo ikitembea.

"Jamani," alisema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya shamba, "chumvi iko wapi?"

Vijiko vilisimama vyote, mpaka vya chai kule verandani. Nilikuwa nimesimama mlangoni na upawa mkononi. Niliona shingo zote zikiinamia sahani kwa pamoja, kama wanafunzi waliomsikia mkaguzi. Fundi cherehani, mteja wangu wa tangu enzi za birika moja, alikohoa.

"Mama, kula tu," karani alinong'ona. Mnong'ono wake ulifika barabarani.

"Nile nini? Hiki kimepikwa au kimeogeshwa?"

Redio alikuwa ameshamfikia. Alipangusa mahali ambapo hapakuwa na uchafu, na mkono wake ulipoondoka uliacha kitu kidogo kando ya sahani. Yule mama alikiokota, akakiinua kwenye mwanga kwa vidole viwili.

"Hii nini?"

"Shh. Weka chini, mama."

"Nauliza hii nini?" Akaikunjua karatasi, akagusa kwa ncha ya ulimi. "Mbona ni chumvi! Mnanipa chumvi kwa kificho kama bangi, na nyumba ya pili ni mahakama?"

Mtu mmoja kwenye veranda aliangua kicheko, kisha akakimeza. Fundi cherehani alifunika kitu mezani kwa kiganja. Nikaona viganja vingine vikifanya hivyo hivyo, meza kwa meza, bila haraka, kama watu wanaofunika kikombe nzi asiingie. Karani, mtumishi wa sheria, alikuwa ameficha chake chini ya kofia.

"Tangu lini?" niliuliza.

Karani alisogeza kofia yake karibu na sahani.

"Redio. Tangu lini?"

"Tangu binti aondoke, mzee." Alikuwa akisokota kitambaa chake. "Huwa nazifunga asubuhi nyumbani, mama watoto ananisaidia. Siku ikiwa haina, nagawa. Siku ikizidi, naongeza majagi."

"Na mdomo wako huo?"

"Mdomo huu nao una kufuli, mzee. Moja tu. Nimelitumia hapo."

Nikamgeukia fundi cherehani, kwa kuwa yeye ni rika langu na ndiye aliyesimama ubavuni kwangu kaburini. "Na wewe? Unakula kwangu kila siku ya Mungu."

"Tungesema, ungefunga," alisema bila kuinua kichwa. "Ukifunga, sisi tukale wapi? Kwa yule wa wali wenye mawe?" Akasukuma sahani kidogo. "Halafu ulikuwa unagonga, bwana. Mtu akigonga vile, utamwambia nini?"

Ingependeza niandike kwamba niliona aibu, au kwamba machozi hatimaye yalinitoka mbele ya watu. Hayakutoka. Nilisikia uzito wa upawa, na jasho likinishuka mgongoni, na nzi akizunguka. Nikaelewa tu, kama mtu anavyoelewa hesabu ubaoni, kwamba watu hawa walikuwa wakitembea na chumvi mifukoni miezi yote ile, kama majirani wanaokimbilia moto na ndoo, na kwamba mwenye nyumba ndiye pekee aliyekuwa hajui kuwa nyumba inaungua.

"Mama," nilimwambia yule mgeni, "njoo jikoni."

"Nimekosea? Baba, mimi nina kesi mchana huu, sitaki ya pili."

"Hujakosea. Njoo unionjee."

Alikuja na mkoba wake. Alikiona kigoda, akataka kuketi. Redio alivuta pumzi nyuma yangu. Lakini aliona ile aproni iliyokunjwa, bado iko palepale, imeshika vumbi kwenye mikunjo, na sijui alielewa nini, aliamua kusimama. Nilimdondoshea tone nyuma ya kiganja. Alinitazama kwa mshangao, ila alilamba.

"Bado."

Nikatia chumvi, nikakoroga.

"Bado, baba. Tia, usiogope, si sumu."

Nikatia.

"Ngoja." Alifumba macho. "Hapo. Hapo sasa ni chakula. Nani alikuwa akikuonjea?"

"Mke wangu."

"Kasafiri?"

"Ndiyo," nilisema. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Mwambie asikae sana huko." Akajifuta mkono kwenye nguo, akarudi mezani kwake akadai sahani mpya, akisema ile ya kwanza haimhusu.

Wengine walikuwa wakingoja. Redio alichungulia mlangoni.

"Mzee, hujagonga."

Niliutazama ukingo wa sufuria. Upande wa kigoda kulikuwa na mbonyeo mdogo, laini, pale ambapo upawa ulikuwa ukitua miaka yote ile. Nikapitisha kidole. Sufuria hiyo nilikuwa nikiisugua kila siku kwa mikono yangu na sikuwahi kuuona, kwa sababu mimi nilisimama upande wa pili.

"Leo hakuna kugonga," nilisema. "Pakua."

Alasiri, mahakama ilipofungwa na wateja wakatawanyika, niliiondoa aproni, nikaikung'uta, nikaikunja tena mara nne. Nikaketi kwenye kigoda. Kutoka pale mtu huona mgongo wa mpishi, sehemu ya veranda, na kipande cha ukuta mtupu ambacho hakina chochote cha kutazamwa. Nilikitazama. Hakuna kilichotokea. Nikainuka, nikairudisha aproni juu ya kigoda, nikafungua kabati, nikatoa vile vikopo vyenye vifuniko vyekundu. Chumvi ilikuwa imeganda ndani kwa unyevu, ikabidi nivigonge kimoja kimoja kwenye kiganja mpaka ikalegea. Nikapanga kimoja kila meza.

Redio alisimama chini ya dirisha akiangalia juu. "Na maandishi, mzee? Tufute?"

"Yaache."

"Lakini sasa yanasema uongo."

"Yaache, Redio. Atakayesoma ataonja, kisha ataamua."

Alifikiri. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifikiri kabla ya kusema. "Niwaambie watu?"

"Waambie," nilisema. "Fungua hilo kufuli."

Aliondoka mbio, na sikumwona tena mpaka kesho yake.

Simu ningeweza kupiga. Lakini kwenye simu tungeulizana joto. Nilichukua karatasi, nikaketi meza ya katikati na kalamu yangu ya wino. Mwalimu wa jioni alitufundisha barua vizuri: anwani kulia, tarehe, salamu, kisha "ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta katika afya njema". Nilianza hivyo, nikasoma, nikaona nimemwandikia hakimu. Nikachana. Nikaanza upya, nikajikuta naeleza hali ya hewa. Nikachana hiyo nayo. Mwishowe niliandika kama nilivyoweza:

"Mwanangu,

Ulimi wangu hauna ladha tangu tulipomzika mama yako. Sikukwambia. Siku ile uliposema haina chumvi, ilikuwa haina. Mama yako ndiye aliyekuwa akijua. Mimi nilikuwa nikipika tu. Vikopo vyako viko mezani. Kimoja kimevunjika kifuniko, nimekifunika kwa kizibo cha soda. Aproni yako iko pale ulipoiweka.

Njoo uonje. Ukisema bado, nitaongeza.

Baba yako."

Niliisoma tena kutafuta makosa, kwa mazoea. Nilitafuta pia mahali pa kutia neno la kupamba. Sikupaona.

Asubuhi nilivaa shati la mikono mirefu nikaenda posta, ng'ambo ya mahakama, kabla ya kuwasha moto. Dada wa dirishani, mwenye miwani, alinipa bahasha na stempu, akanisogezea kisahani chenye sponji iliyoloweshwa.

"Sponji hiyo hapo, baba."

"Nimeiona."

Nikailamba stempu. Nikangoja. Nikaibandika. Kisha nikalamba gundi ya bahasha, polepole, kutoka pembe hadi pembe, na nikasimama kidogo kinywa kikiwa kimefumbwa. Dada wa posta aliacha alichokuwa akifanya.

"Tamu?" aliuliza akitabasamu.

"Sijui. Wewe umewahi kuionja?"

Alifikiri. "Hapana, baba. Sijawahi."

Niliifunga bahasha, nikaibonyeza kwa kiganja juu ya kaunta mpaka ikashika. Nje jua lilikuwa limeshaanza kazi yake, na sanduku la barua lilikuwa la moto kama sufuria. Nikaitumbukiza, nikaisikia ikitua juu ya barua za watu wengine. Nilibaki pale, mkono juu ya chuma.

Kisha nikagonga, mara mbili.